Babu Dabela na Mjukuu Aliyeruka Foleni

Nakuru, 6 Novemba 2022

Babu Denge,

Salaam aleikum wewe na Bibi, pamoja na mbuzi wowote ambao kiangazi kimewaacha. Mimi sijambo. Bado nashona viti vya malori kwa yule Mama Kagwiria, Mmeru wa Maua, na mkono wangu umekuwa mzuri hadi madereva wa Isiolo wakipita hapa wanaomba niwashonee mimi, bila kujua ni mtoto wa nani. Barua hii nimempa mmoja wao akuletee. Ningepiga simu, lakini wewe simu huisikii, na ukijibu unapaza sauti mpaka mtaa wetu wote wa Bula Pesa unajua tunachozungumza.

Mdogo wangu Hoda amenipa habari kubwa. Anasema mlienda kaskazini mkafanya sherehe ya rika lenu, na wewe umerudi ukiwa dabela. Kilemba cheupe kichwani, hushiki silaha, hugombani na mtu, hulaani, kazi yako ni kuombea watu, na kwa mila yetu ya Kigabra sasa unahesabiwa miongoni mwa wanawake. Anasema hata haja ndogo siku hizi unachutama. Hongera sana Babu. Nilicheka mpaka nikajidunga sindano, halafu nikalia kidogo, halafu nikamalizia kiti.

Sasa nakuuliza kwa heshima, kama mwananchi aliyefika dirishani kwa karani. Wewe umekuwa mwanamke ukiwa na miaka sabini na tatu, na watu wanapanga mstari kukubusu mkono. Mimi nilisema maneno hayohayo nikiwa na miaka kumi na tisa, na Baba akanikimbiza na fimbo ya ngamia mpaka barabara ya Moyale. Utaratibu ni upi? Kuna fomu niliyosahau kujaza?

Jambo la pili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Hoda anaolewa baada ya Ramadhani. Tangu Mama afariki mimi ndiye niliyemsuka nywele na kumpeleka shule, na sitaki kusikia arusi yake kwa simu. Nataka kuja nilivyo, kwa nguo zangu na jina langu. Niombee kwa Baba. Nasikia dabela hakatai mtu anayemwendea kwa dua.

Mjukuu wako,
Farhiya, uliyemwita Waqo


Isiolo, 4 Januari 2023

KUH: BARUA YAKO YA TAREHE 6 NOVEMBA

Mjukuu wangu,

Waaleikum salaam. Barua yako ilinifikia tarehe kumi na moja Novemba. Kuchelewa kuijibu kulitokana na miwani, ambayo Bibi yako aliikalia. Miwani ilitengenezwa tarehe ishirini mwezi huohuo. Kuchelewa kuanzia hapo sina sababu ya kuandika.

Huku tuko wazima. Mbuzi wamebaki kumi na wanne, baba yako Mamo amewapeleka Kipsing kutafuta majani, na kila siku tunasikia kuna maneno kisimani huko lakini bado ni maneno tu. Bibi yako anasumbuliwa na goti. Hata hivyo lile goti halikumzuia kunipokea. Niliporudi kutoka kaskazini na kilemba changu, nimejaa baraka, nikitegemea chai, alinitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Kumbe sasa sisi wawili ni wanawake. Karibu. Jerikani ile pale." Nilicheka nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Nimeteka maji wiki mbili, hadi wazee wenzangu walipokuja kumsihi.

Tuje kwenye swali lako. Nimefanya kazi ya ukarani katika karantini ya mifugo miaka thelathini na mmoja, na mtu akiniuliza utaratibu huwa namjibu. Utaratibu ni huu. Mtu anazaliwa mvulana. Anachunga. Anaoa. Analipa ngamia. Anazaa, anazika, anasuluhisha ugomvi wa watu wasiosuluhishika, anapanda daraja moja baada ya jingine pamoja na rika lake, na uanaume ukishamchosha kabisa, ndipo anaruhusiwa kuuweka chini. Mimi nimengoja miaka sabini na tatu. Mzee Ganya, jirani yetu, amengoja miaka themanini, na karibu afe mlangoni. Wewe umekuja na miaka kumi na tisa, hujachunga vizuri hata mbuzi mmoja, unataka kupita mbele ya wote. Mjukuu wangu, huko kunaitwa kuruka foleni.

Kwa hiyo usilinganishe. Mimi nimestaafu. Wewe umeacha kazi kabla ya kuajiriwa.

Kuhusu arusi, nasikia barabara ya kutoka huko si nzuri wakati wa mvua.

Babu yako,
Denge


Nakuru, 15 Januari 2023

Babu,

Salaam. Mpe Bibi pole ya goti, na mwambie namuunga mkono kabisa kuhusu jerikani.

Barabara ya Nakuru hadi Isiolo ni lami tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nimeshona viti vya watu wanaoipita kila wiki. Ukitaka kunikatalia, nikatalie, lakini usiisingizie barabara.

Nimekuelewa habari ya foleni, na nimecheka, kwa sababu ni kweli ndivyo unavyoiona. Lakini sikuruka kitu, Babu. Sikuwa kwenye foleni ile hata siku moja. Nilipokuwa na miaka saba ulinikuta nimejifunga shuka ya Mama nacheza na wasichana wa jirani zetu kina Ado, ukanitazama muda mrefu, ukaenda zako bila kunipiga. Mimi nilikaa miaka mingi nikidhani babu yangu amejua na amekubali. Ndiyo maana niliposema wazi mbele ya Baba nilikugeukia wewe kwanza. Ulikuwa unafunga kiatu. Ulifunga kiatu kile mpaka nikafukuzwa.

Inaniuma mpaka leo. Nakwambia wazi kwa kuwa nasikia dabela hagombani, basi leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Swali langu limebaki moja. Utamwambia Baba, au hutamwambia?

Farhiya


Isiolo, 11 Machi 2023

Mjukuu wangu,

Salaam aleikum. Mvua bado. Mbuzi ni kumi na mmoja. Hoda ameshachumbiwa rasmi, bwana anaitwa Abdighani, wa ile familia ya Waisahakia, wale Wasomali wenye malori karibu na msikiti. Babu wa babu yake alikuja hapa akiwa askari wa Mwingereza, na wao hadi leo wanatembea wima hivyohivyo. Watu wazuri. Mambo yetu ya dabela hawayajui, wanadhani kilemba changu ni cha baridi.

Barua yako nimeisoma. Ya kiatu nimeisoma pia. Sitaandika juu yake leo kwa sababu kuna jambo jingine limetokea, nami naliandika ili uniambie maoni yako.

Wiki iliyopita niliitwa kuombea mtoto mgonjwa karibu na steji ya matatu. Nilimwombea, nikapewa chai vikombe vitatu, maana dabela hakatai chai. Nilipofika steji nikabanwa. Pale kuna choo cha umma, milango miwili. Nikaingia wa wanaume kama nilivyofanya miaka yote. Ndani kuna ukuta wa kusimama, na chumba kimoja cha kuchutama, ambacho Ewesit, yule Mturkana mlinzi wa choo, amekifunga kwa kufuli na anaweka humo ndoo na mifagio. Mimi kusimama siruhusiwi tena. Nimeapa mbele ya rika langu lote. Sasa nikafikiri kama karani. Mimi ni mwanamke, kwa mila, kwa mashahidi, kwa ngamia waliochinjwa. Mlango wa wanawake uko pale. Nikauingia.

Mjukuu wangu, kelele niliyoisikia mle sijawahi kuisikia hata simba alipoingia boma letu mwaka wa sabini na sita.

Ewesit alikuja mbio. "Mzee, hii upande ni ya wamama. Toka, enda ile ingine."

Nikamwambia kwa utulivu, "Mimi ni dabela."

"Ata kama ni chifu."

"Dabela ni mwanamke. Uliza Mgabra yeyote."

Akageuka akawauliza watu wa steji kama kuna Mgabra. Kulikuwa na wawili, nawajua kwa baba zao, na mmoja nilimwombea alipofaulu mtihani. Wote wawili wakatazama viatu vyao. Vijana wa bodaboda walikuwa wameshajaa. Mmoja akapaza sauti, "Wasee, buda anasema yeye ni dem!" Mwingine akatoa simu anipige picha. Mama mmoja akasema niondolewe, mzee ameharibika akili.

Nilitaka kumchapa kila mmoja wao. Lakini dabela hagombani. Nikasimama pale na hasira imejaa na kibofu kimejaa, na vyote viwili nimekatazwa kuvitoa. Nikaondoka kwenda nyumbani kwa miguu. Sikufika mkavu.

Niliona aibu, mjukuu wangu. Nimekaa ndani siku nne. Nikimsimulia Bibi yako anageuza uso ukutani mabega yakitikisika, najua si kilio. Sheikh wa mtaa amenishauri niachane na mambo ya zamani. Miezi mitano mji huu umenibusu mkono. Kumbe heshima yao inafika mlangoni pa choo, hapo inageuka inarudi.

Sasa nina swali. Si langu, ni la Mzee Ganya, ambaye naye hutoka mara kwa mara. Anauliza, mtu wa namna hiyo akiwa mjini na amebanwa, huwa anaingia mlango gani?

Babu yako,
Denge


Nakuru, 19 Machi 2023

Babu yangu,

Salaam nyingi. Barua yako niliifungulia kazini, na nilipofika kwa Ewesit, Kagwiria alikuja kuniuliza kama nimemeza uzi. Nisamehe. Nilicheka sana. Halafu nikafika ulipoandika kwamba uliona aibu, nikaacha kucheka. Sijawahi kuona mtu mzima wa ukoo wetu akiandika neno hilo. Nimelisoma mara nne.

Mwambie Mzee Ganya hivi. Siku ya safari asinywe kitu tangu alfajiri, hata wenye chai wakimkasirikia. Ajue vituo vya mafuta, vingi vina choo kimoja chenye mlango mmoja na hakiulizi mtu chochote. Asiende peke yake. Aende na mwanamke mkali anayemjua, atembee nyuma yake wakiongea mambo ya bei ya nyanya, na asisimame kueleza. Ukianza kueleza umekwisha. Hapo ndipo ulipokosea, Babu. Uliwapa sheria na ushahidi watu waliokuwa wanataka kichekesho tu.

Watu huniuliza kwa nini nimekaa kwa Kagwiria miaka minne wakati kuna mafundi wanaolipa vizuri zaidi. Kwa Kagwiria choo ni kimoja, mlango mmoja, komeo moja. Sababu ni hiyo tu.

Na wewe ulitazamwa na steji mara moja. Mimi steji hiyo natembea nayo. Sikuandikii hivi ili nikushinde kwa taabu, naandika kwa sababu nadhani sasa unaweza kusoma.

Arusi ni tarehe sita Mei. Hoda amenipigia analia, anasema bila mimi hapakwi hina.

Farhiya


Isiolo, 2 Aprili 2023

KUH: ARUSI

Mjukuu wangu,

Ramadhani njema. Mvua imeshuka wiki iliyopita, si haba, Kipsing kuna majani na mbuzi wanarudi. Mzee Ganya anakushukuru. Anasema habari ya nyanya imemsaidia.

Nimezungumza na Mamo. Nilingoja afuturu kwanza, ale tende, anywe uji, atulie. Nikamwambia, mtoto wako mkubwa anataka kuja arusini. Mamo alisimama akasema anatoka kidogo kuwaangalia mbuzi. Mbuzi wako Kipsing. Alirudi siku ya tatu.

Aliporudi nikamwambia tena. Akasema, "Baba, hiyo mambo usiniletee. Watu watasema nini?" Nikamwambia watu walishasema, mimi mwenyewe wamenisema mbele ya choo, na bado ninakula vizuri. Akaniambia ya kwangu ni mila. Nikamuuliza mila hiyo ilinisaidia nini pale kwa Ewesit. Akatoka tena kuangalia mbuzi, lakini safari hii walikuwa uani.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Siku ya arusi mimi nitakaa hemani kwa wanawake, ambayo ni haki yangu. Mimi ni mzee, macho yana ukungu, nahitaji mtu wa kunishika mkono. Huyo atakuwa wewe. Tangu nizaliwe sijaona mtu akimfukuza aliyemshika dabela mkono. Sijui kama ni mila au ni haya tu, lakini itatosha kwa siku moja. Uvae vazi pana la heshima. Usizungumze sana. Usimfuate baba yako. Hapo utakuwa salama.

Najua ni kidogo. Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi nikitafuta kikubwa zaidi, sijakipata.

Babu yako,
Denge


Nakuru, 11 Aprili 2023

Babu,

Ramadhani njema nawe, na hongera kwa mvua.

Sitaki kuja arusini kwa mdogo wangu kama fimbo ya mtu. Nimelala na hasira siku mbili, na Kagwiria ameniambia kiti nilichoshona siku hizo kimepinda.

Lakini nitakuja. Mavazi usijali, yangu ni ya heshima kuliko ya shangazi zangu wote, na hilo utaliona mwenyewe. Nitakushika mkono. Ila usiniachie.

Farhiya


Nakuru, 8 Mei 2023

Babu yangu,

Salaam aleikum. Nilifika salama Jumamosi usiku. Nisamehe kuondoka bila kuaga. Najua nilikuacha bila mtu wa kukuongoza, na najua pia macho yako yanaona vizuri kabisa, maana ulimtambua Mzee Ganya kutoka ng'ambo ya barabara.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Nilimpaka Hoda hina ya mwisho kwa mkono wangu. Shangazi zake Abdighani walinisifu nguo, wakaniuliza nani amenishonea, nikasema mimi mwenyewe, na mmoja akataka namba yangu. Nilikaa saa nzima hemani kama mtu yeyote. Wewe ulikuwa unaniambia nisizungumze sana, huku wewe unazungumza bila kupumua.

Halafu wazee wa bwana arusi wakakuita ukasalimie. Uliniachia mkono, Babu. Najua ni dakika chache tu. Mara yule shangazi wa kwetu wa Merti akasogeza mkeka wake, na mwingine akasogeza wake, na kabla sahani hazijafika nilikuwa nimekaa peke yangu katikati ya uwanja. Walionisifu nguo waliuliza kuna nini, wakanong'onezwa, nao wakasogea.

Baba akaja mlangoni pa hema kuangalia kama chakula kimefika. Alinitazama usoni. Miaka minne hatujaonana. Akamuuliza mgawaji kwa sauti ya wote kusikia, "Huyu ni nani?"

Nikasimama nikaenda steji. Sikutaka Hoda anione.

Sijakukasirikia. Mmoja wetu alikuwa na mahali pa kurudi kukaa, mwingine hana, na hilo si kosa lako. Lakini usinipangie tena.

Farhiya


Isiolo, 16 Mei 2023

Mjukuu wangu Farhiya,

Salaam aleikum. Barua yako nilipewa jana. Leo sina kichwa cha barua wala namba ya kumbukumbu.

Nilikuachia mkono. Waliniita, nikapenda kuitwa, nikaenda. Niliporudi mkeka wako ulikuwa mtupu, na wale wanawake wote wakawa wanaongea bei ya nyanya. Nilijua. Ni mara ya pili nakuacha hivyo, ya kwanza nilikuwa nafunga kiatu. Kiatu kile kilikuwa kimeshafungwa, mjukuu wangu. Nilikuwa nakifungua na kukifunga. Niliogopa mwanangu, nikaogopa majirani. Nisamehe.

Sasa nikusimulie usiyoyaona, kwa sababu uliondoka mapema.

Saa tisa alasiri magari yalikuwa yameshawashwa. Nikaah ilishafungwa, pilau imeliwa, imebaki dabela amwombee bibi arusi atoke nyumbani. Mamo akaja kuniambia, "Baba, uombe sasa." Mjukuu wangu, dabela hawezi kukataa kuombea mtu. Hakuna kitu kama hicho. Lakini nilifikiri kama karani, na sikuona popote panapomkataza bibi kizee kusinzia.

Nikasinzia.

Walinitikisa. Wakaniita. Mtu akaninusisha manukato mpaka karibu nipige chafya, nikaizuia kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu. Mjomba wa Abdighani akauliza kwa adabu kama nimefariki, ili wajue kama arusi inageuka matanga. Dereva wa gari la maharusi akaanza kupiga honi. Sheikh akasema nikaah imetosha, bibi arusi aende zake. Hapo Hoda mwenyewe, ambaye alikuwa amekutafuta nyumba nzima, akasema hatoki bila dua ya babu yake, akakaa chini na gauni lake jeupe palepale kwenye udongo. Bibi yako akachechemea mpaka nilipo, akainama kama anayenifunika shuka, akaninong'oneza sikioni, "Wewe ukilala hukoroma. Koroma kidogo, watakugundua." Nikakoroma. Miaka hamsini ya ndoa, mwanamke yule hajanipa msaada mkubwa kuliko huo.

Ikawa saa kumi. Ikaenda kumi na nusu. Wageni wakakaa tena, wakaomba chai tena, na maziwa yakaisha.

Mwishowe nikasikia mtu amechuchumaa karibu yangu. Kwa pumzi nilijua ni Mamo. "Baba, fungua macho. Najua hujalala." Nikakoroma. "Baba, unaniaibisha." Nikakoroma zaidi. Nikaendelea hivyo, mpaka karibu nilale kweli. Halafu akasema polepole sana, ili watu wasisikie, "Alikula?"

Nikafungua jicho moja. Nikamwambia, "Hakula. Sahani hazikuwa zimefika."

Alibaki amechuchumaa hivyohivyo, mikono magotini, kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mdogo amepoteza mbuzi anaogopa kuniambia. Nikaketi, nikamwombea Hoda. Niliomba kwa ajili ya watoto wa nyumba hii wote, waliopo na walioondoka na njaa, na watu wakaitikia, Mamo akaitikia pia. Nilimsikia.

Usidhani mambo yamekwisha. Shangazi wa Merti amesema hatakanyaga hapa tena, Bibi yako ameshukuru. Mamo hajanitajia habari yako tangu siku ile. Mimi sijamsukuma. Lakini Jumapili alichinja mbuzi dume, katika wale waliobaki, na hakusema ni wa nini. Akakatakata nyama mwenyewe, akaikausha, akaikaanga nyirinyiri, akaifunika kwa mafuta yake ndani ya mtungi wa plastiki, na mtu yeyote aliyesogea kumsaidia alimfukuza. Leo asubuhi akaniambia anaenda mjini, na kama nina barua ya kutuma nifuatane naye. Sikuwa nimeiandika. Naiandika hapa, kwenye benchi la ofisi ya vifurushi, karatasi iko juu ya goti.

Sasa hivi amefika dirishani na mtungi wake. Karani ni binti mdogo, ana haraka. Amemuuliza jina la mpokeaji. Mamo amesimama. Watu wa nyuma wameanza kulalamika. Binti ameuliza tena.

Amesema, "Andika Mtoto wa Mamo."

Binti amesema jina hilo halitoshi, anataka na namba ya simu. Nikaanza kupekua mfuko wangu, maana namba yako niliiandika kwenye karatasi. Kabla sijaipata, Mamo ameitaja yote, tarakimu kumi, moja baada ya nyingine, akiangalia ukuta.

Ananiita tuondoke. Mtungi ukifika, mpigie yeye umwambie umefika. Mimi simu siisikii.

Babu yako,
Denge